Kitufe na Dirisha Lake

Katika miaka yangu ya kuongoza shule niliandika barua za onyo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nyingine ziliwahusu walimu waliochelewa, nyingine walinzi waliolala kazini, na nyingi nimekwisha kuzisahau. Moja sijaisahau. Niliiandika mwaka 2003, ikamwendea karani mpiga taipu wa shule yangu, na kosa nililomshitakia lilikuwa uzembe wa vidole. Leo nakaa barazani kwangu Sombetini, Mlima Meru ukionekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, nami nimejitwika kazi ya kueleza jinsi kitufe kimoja cha kompyuta kinavyoweza kuwa na maana mbili saa ileile, katika madirisha mawili yaliyofunguliwa bega kwa bega. Kama ningalilijua jambo hilo mwaka ule, barua ile isingaliandikwa.

Msomaji asidhani kwamba namwalika kwenye somo la mitambo. Mimi ni mwalimu wa historia, na jambo hili lina historia yake ndefu, iliyoanza zamani kabla ya kompyuta.

Taipureta ya kwanza iliyouzwa kwa wingi ilitoka kwa Mmarekani aliyeitwa Christopher Latham Sholes, wa mji wa Milwaukee, aliyepata hati yake ya ugunduzi mwaka 1868. Kampuni ya Remington, ambayo watu waliijua zaidi kwa bunduki, ndiyo iliyoanza kuiuza mwaka 1874. Mashine ile iliandika herufi kubwa tupu. Kila kitufe kilikuwa na kazi moja: ukigonga A, unapata A, leo na kesho. Mwaka 1878 Remington wakatoa mashine ya pili, na humo wakaweka kitufe kipya ambacho chenyewe hakiandiki chochote. Ndicho kile tunachokiona mpaka leo kimeandikwa Shift. Ukikishikilia, vitufe vyote vilivyobaki vinabadili maana: herufi ndogo inakuwa kubwa, tarakimu inakuwa alama. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipoanzia. Kabla ya siku hiyo maana ilikaa ndani ya kitufe. Baada ya siku hiyo, ili kujua kitufe kitafanya nini, ulipaswa kujua na hali ya mashine.

Si watengenezaji wote waliolipenda wazo hilo. Kulikuwa na mashine nyingine iliyoitwa Caligraph, iliyokuwa na vitufe vya herufi kubwa mbali na vya herufi ndogo mbali, kila kimoja na kazi yake isiyobadilika. Lilikuwa bao pana kama sinia la harusi, lakini halikuwa na hila. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, yakafanyika mashindano ya kupiga taipu. Upande mmoja alikaa Louis Traub na Caligraph yake. Upande wa pili alikaa Frank McGurrin, mwandishi wa mahakama kutoka Salt Lake City, na Remington yenye Shift. McGurrin alikuwa amekariri mahali pa kila kitufe, akatumia vidole vyote, wala hakuangalia mikono yake. Akamshinda Traub waziwazi. Habari zikaenea magazetini, na tangu hapo vyuo vya uhazili duniani kote vikafundisha kwa njia ya McGurrin: macho kwenye karatasi unayonakili, vidole vijitafutie njia.

Amri hiyo ilifika kwetu pamoja na mashine zenyewe. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kukata stensili kwa ajili ya mitihani, na mkufunzi wetu, mtu mwenye sauti ndogo na rula ndefu, alikuwa akiyafunika mabao ya vitufe kwa kitambaa ili tusichungulie. Mimi sikufuzu vizuri. Niliendelea maisha yangu yote kupiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Lakini niliwaheshimu sana waliofuzu. Karani aliyetoka Chuo cha Uhazili Tabora alikuwa mtu wa kujivunia ofisini. Ungeweza kuzungumza naye huku akiendelea kunakili, na ukurasa ungetoka bila doa. Kwenye stensili hilo lilikuwa jambo kubwa, maana kosa moja lilitaka kupakwa dawa, kupulizwa likauke, na kugongwa upya, na bado kivuli chake kingeonekana kwenye nakala zote mia mbili.

Tena mashine hizo zilikuwa na desturi zake. Nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha tarakimu moja. Ukitaka kuandika 1, uligonga herufi ndogo ya L, na hakuna msomaji aliyetambua tofauti. Kumbuka hilo, kwani kompyuta zilipokuja, makarani wengi waliendelea kuandika l kwa maana ya 1. Machoni pa binadamu lilikuwa jambo lilelile. Machoni pa programu ya mahesabu, mwanafunzi mwenye alama l5 hakuwa na alama yoyote, kwa kuwa hilo ni neno na maneno hayajumlishwi.

Kompyuta zilichelewa kutufikia, na sababu mojawapo ilikuwa ya makusudi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baada ya miaka michache kazi ya hesabu za serikali kwa mashine hizo ikavurugika vibaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha nguvu. Sitaki kuingia katika ubishi wa kama ilikuwa busara au la. Waliokuwapo wanajua jinsi fedha za kigeni zilivyokuwa adimu. Ninachotaka kusema ni kwamba katika miaka ileile wenzetu wa nchi nyingine walipokuwa wakizoea skrini hatua kwa hatua, sisi tulibaki na taipureta, tukaijua sana. Kisha tukaruka. Karani aliyelala na taipureta aliamka na madirisha.

Huko nyuma, mambo mengi yalikuwa yamefanyika bila sisi. Mashine za kupelekea maandishi kwa njia ya waya zilikuwa zimeongeza kitufe kingine kisichoandika kitu, kiitwacho Control, ambacho kompyuta zikakirithi kwa ufupi wa Ctrl. Katika utaratibu wa namba za herufi uliokubaliwa Marekani mwaka 1963, Ctrl pamoja na herufi ilitoa amri kwa mashine kufuatana na nafasi ya herufi hiyo katika alfabeti. G ni ya saba, na amri ya saba ilikuwa kupiga kengele upande wa pili wa waya. C ni ya tatu, na amri ya tatu ilimaanisha mwisho wa maandishi. Kwa hiyo katika kompyuta nyingi za zamani Ctrl na C zilikuja kuwa na maana ya "acha unachofanya".

Halafu wakaja watu wa maabara ya Xerox huko Palo Alto, California. Katika miaka ya 1970 walitengeneza kompyuta yenye kipanya na madirisha, na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Bravo ilikuwa na hali mbili. Katika hali ya kuandika, herufi ilikuwa herufi. Katika hali ya kuamuru, kila herufi ilikuwa amri. Husimuliwa kisa cha mtu aliyedhani yuko katika hali ya kuandika, akaandika neno la Kiingereza lenye herufi nne: e, d, i, t. Mashine ikasoma e kuwa "chagua maandishi yote", d kuwa "yafute", i kuwa "ingiza", na t ndiyo herufi aliyoingiza. Kazi yote ikageuka herufi moja, t, ikikaa peke yake kwenye skrini nyeupe. Kila nikikisoma kisa hicho namhurumia mtu huyo. Vidole vyake havikukosea hata kidogo.

Mtaalamu mmoja wa maabara hiyo, Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, alilichukia jambo hili la hali mbili kiasi cha kuendesha gari lenye namba iliyosomeka kwa Kiingereza kwamba hataki hali. Yeye na mwenzake Tim Mott walitengeneza programu nyingine ambamo mtu hakuhitaji kujiuliza yuko katika hali gani: ukigonga herufi, herufi inaandikwa, basi. Kukata, kunakili na kubandika kwa namna tunayoijua leo kulitoka katika kazi hiyo. Kampuni ya Apple ilipotoa kompyuta yake ya Lisa mwaka 1983, ikavipanga vitufe vya kazi hizo mstari wa chini mkono wa kushoto: Z kutengua, X kukata, C kunakili, V kubandika, ukishikilia na kitufe maalumu. Microsoft nao wakaufuata mpango huo katika Windows, wakitumia Ctrl. Ndivyo Ctrl na C zilivyopata maana ya pili, ya kunakili, bila kufutwa ile ya kwanza. Mpaka leo, katika kompyuta ileile, ukibonyeza Ctrl na C ndani ya dirisha la barua unanakili. Ukibonyeza ndani ya lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaikatiza kazi inayoendelea.

Hapa niruhusu neno la pembeni kuhusu lugha yetu. Tangu Kiswahili sanifu kilipowekewa tahajia mnamo mwaka 1930, hatuna kazi na Q wala X, na C hatuitumii ila ikiwa imeshikana mkono na H. Kwenye taipureta vitufe hivyo vilikaa kama wageni wasioalikwa. Nakumbuka Q ya mashine ya shule iling'aa kama mpya wakati A ilikuwa imefutika kabisa. Kompyuta ilipokuja, wageni hao wakapata kazi ya unyapara: X anakata, C ananakili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na Microsoft nao wakafuata baadaye na tafsiri zao, tulipata Kata, Nakili na Bandika kwenye orodha za amri. Lakini katika Windows vitufe vilibaki vilevile. Kata haianzi na X, wala Nakili haianzi na C. Mzungumzaji wa Kiswahili hukariri tu mahali, kama McGurrin.

Turudi kwa makarani. Katika ofisi nilizozifahamu, wa kwanza kuingia kwenye kompyuta miaka ya 1990 walifundishwa programu ya WordPerfect. Ilikuwa skrini ya buluu isiyo na picha, na juu ya vitufe vya F uliweka kipande cha karatasi ngumu kinachoeleza kazi ya kila kimoja. F7 ilikuwa kutoka. F10 ilikuwa kuhifadhi. F3 ilikuomba msaada. Karani mzuri alizikariri zote katika mwezi mmoja, na hapo akajiona amerudi nyumbani, kwa sababu kwenye skrini kulikuwa na programu moja tu na kila kitufe kilikuwa na tabia yake. Kisha programu hiyo ikaondolewa, ikaletwa Word ndani ya Windows. Sasa F7 haikutoka. Ilikagua tahajia, na kwa kuwa haikujua Kiswahili iliona makosa kila neno, ukurasa mzima ukapigiwa mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi mtoro. F10 nayo haikuhifadhi. Iliamsha orodha ya amri juu ya skrini, na herufi zilizofuata hazikuandikwa bali zilitekelezwa. Karani aliyebonyeza F10 kwa mazoea na kuendelea kunakili, macho kwenye karatasi, aliinua kichwa akakuta kisanduku cha ajabu kimefunguka na sentensi yake haipo. Kile kisa cha e, d, i, t kilikuwa kimehamia Arusha.

Na mbaya zaidi ni kwamba madirisha yalikuwa mengi. Kuna dirisha moja tu lililo mbele kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linalopokea vitufe. Mengine yanaonekana, pengine kwa ukubwa uleule na mwanga uleule, lakini hayasikii. Ukigusa kipanya kwa bahati mbaya, au kisanduku cha taarifa kikajitokeza, umekwisha kuhamishwa. Kwenye taipureta jambo hilo haliwezekani. Karatasi iko moja, na kila pigo linaacha alama mahali pake. Aliyefundishwa kutoangalia alifundishwa vyema kwa mashine ya karatasi moja.

Sasa naja kwenye barua yangu.

Arusha ya miaka ile ilijaa Kifaransa. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015, ilifanya kazi zake katika jengo la AICC kwa Kiingereza na Kifaransa. Mazungumzo ya amani ya Burundi nayo yalifanyika hapa, mpaka mkataba ulipotiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Kulikuwa na wanasheria, wakalimani, waandishi na familia zao, na nyuma yao maduka ya intaneti yaliyowahudumia. Basi, Wafaransa na wengi wa wanaotumia lugha yao hawaandiki kwa bao kama letu. Mstari wao wa juu unaanza na A na Z mahali petu pa Q na W. Q iko mahali pa A yetu, W iko mahali pa Z, na M imehamia upande wa kulia karibu na L. Tarakimu wanazipata kwa Shift; bila Shift, mstari ule unatoa herufi zenye alama za matamshi na vitu vingine. Kompyuta haijali kilichochorwa juu ya kitufe. Inajua nafasi tu, na programu ndiyo inayoamua nafasi hiyo iitwe nini. Kompyuta moja yaweza kuwekewa mabao mawili, la Kiingereza na la Kifaransa, na katika Windows ya wakati huo ukibonyeza Alt ya kushoto pamoja na Shift unavuka kutoka moja kwenda jingine, bila sauti wala onyo, isipokuwa herufi mbili ndogo zinazobadilika kwenye pembe ya chini.

Kompyuta ya shule yetu tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ilitoka kwa mtu aliyetumia Kifaransa, na mabao yote mawili yalikuwamo. Mimi sikujua kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupeleka orodha ya watahiniwa na alama zao za majaribio. Binti yule, ambaye sitamtaja jina, alikuwa kwenye mkataba wa muda akisubiri kuthibitishwa. Alikuwa amesomea kwenye taipureta na aliijua kazi. Nilimpa karatasi zangu za mkono saa nne, gari la kuzipeleka likiwa limepangwa saa sita. Alikaa, akaweka karatasi kushoto kwake, akaanza. Nilisikia vitufe vikikimbia bila kukatika na moyo wangu ukatulia. Saa tano na nusu niliingia kuchukua kazi. Kwenye skrini kulikuwa na kurasa mbili, na juu yake kichwa cha habari kilichopaswa kusomeka Orodha ya Watahiniwa kikisomeka Orodhq yq Zqtqhinizq. Arusha ilikuwa Qrushq. Neno mwanafunzi lilikuwa ,zqnqfunwi. Alama za watoto hazikuwapo kabisa. Mahali pa 72 palikuwa na èé, kwa sababu yeye alitumia tarakimu za mstari wa juu, kama walivyofundishwa kwenye taipureta.

Lugha yetu inaipenda A kuliko herufi yoyote. Katika Kiingereza uharibifu ule ungeonekana hapa na pale. Katika Kiswahili ukurasa wote ulikuwa umeota Q.

Alisema, "Mwalimu, samahani, sijui imekuwaje, vitufe vimebadilika." Mimi nikasema vitufe havibadiliki. Nikafanya jambo ambalo wakati ule niliona ni la haki, tena la kisayansi. Nikamwambia ainuke, nikakaa mwenyewe, nikafungua programu nyingine, ile ya mahesabu, nikaandika jina langu kwa vidole vyangu viwili. Likatokea sawasawa. Nikaandika jina la shule. Sawasawa. Nikamwonyesha, mbele ya mwalimu wa taaluma na dereva aliyekuwa anasubiri, nikasema mashine ni nzima na tatizo limekaa kwenye kiti. Wote wakacheka kidogo. Orodha ikachelewa kwa siku moja, nikapigiwa simu ya maneno makali kutoka juu, na jioni ile nikaandika barua ya onyo na kuiweka katika faili lake. Mwezi Desemba mkataba wake ulipokwisha haukuendelezwa. Sababu zilikuwa kadhaa, na fedha ilikuwa mojawapo. Lakini faili lilipofunguliwa, barua yangu ndiyo iliyokuwa juu.

Miaka sita ikapita. Mwaka 2009 nilikuwa katika duka la intaneti mjini nikimwandikia ndugu yangu aliyeko ng'ambo. Nilikuwa na madirisha mawili, moja la barua pepe na jingine la Word nilimokuwa naandaa maelezo ya kiwanja. Katika barua pepe mambo yalikwenda vizuri. Nikahamia kwenye Word nikaandika neno mwalimu. Likatokea ,zqli,u. Nikafuta, nikaandika tena, polepole, nikiangalia kila kidole. ,zqli,u. Nikarudi kwenye barua pepe: mwalimu. Nikarudi tena kwenye Word. Nadhani nilifanya hivyo mara nne au tano. Kijana aliyesimamia duka akaja, akasema, "Babu, hapo umebonyeza Alt na Shift. Dirisha hili limekwenda Kifaransa, lile limebaki Kiingereza." Akabonyeza, mambo yakatengemaa. Nikamuuliza inawezekanaje kompyuta moja iwe na mabao mawili kwa wakati mmoja. Akanieleza kwa subira kwamba kila programu inakumbuka bao lake, na kwamba ukitaka kujua tatizo liko wapi lazima ujaribu ndani ya dirisha lilelile. Ukijaribu katika dirisha jingine hujapima kitu.

Nililipa fedha yangu nikatoka nikakaa kwenye ukuta wa nje. Nilikuwa nimewafundisha vijana kwa zaidi ya miaka thelathini kwamba shahidi husikilizwa kwanza, ndipo ushahidi mwingine utafutwe. Msichana yule alikuwa shahidi pekee aliyeona jambo lenyewe, naye alisema kweli kwa maneno manne: sijui imekuwaje, vitufe vimebadilika. Mimi nikaenda kuuliza dirisha lisilohusika.

Nasikia kwamba tangu Windows ya nane Microsoft walibadili utaratibu, ukivuka bao katika dirisha moja unavuka yote, isipokuwa ukitaka mwenyewe iwe kama zamani. Huenda wengine wengi duniani waliaibishwa kwa namna hiyohiyo.

Sikuwa na shida kubwa ya kumpata. Arusha ni mji mkubwa siku hizi, lakini waliofanya kazi shule moja hawapoteani. Nilielekezwa kwamba ana kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi kule Mbauda, mwendo wa miguu kutoka kwangu. Huenda nilikuwa nimepita mbele yake mara mia. Nilikwenda siku ya Jumatano, saa za mchana wakati wateja ni wachache. Alikuwa mama sasa, na mtoto wa shule alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa akifanya kazi ya nyumbani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu kiti."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, kama ilivyo kawaida yangu, lakini niliyaruka. Nilimwambia kwamba nimejua habari za Alt na Shift. Alinitazama, akacheka, kicheko ambacho sikuweza kukipima, akasema, "Mimi nilijua jioni ileile, Mwalimu. Nilibaki ofisini mpaka nikapata. Kesho yake nikaja kukuambia, nikakuta barua mezani kwangu." Nilimuuliza kwa nini hakusema hata hivyo. Akasema, "Ningeanzaje? Ulishaonyesha mbele ya watu kuwa mashine ni nzima."

Kipindi hicho nilikuwa bado miezi michache kabla ya kustaafu, na muhuri wa shule ulikuwa bado mikononi mwangu. Nilitoa bahasha niliyokuja nayo. Ndani yake kulikuwa na barua niliyoiandika kwa mkono, inayofuta ile ya mwaka 2003 na kueleza kosa lilikuwa la nani, ili nakala moja iwekwe katika faili lake la zamani na nyingine abaki nayo. Nikamwomba aichape.

Aliisoma yote kwanza, akiwa amesimama. Kisha akaketi, akaiweka kushoto kwake, akaanza kupiga. Niliona kwamba kasi ilikuwa ileile ya zamani, ila sasa kila baada ya mistari miwili mitatu aliinua macho kwenye skrini, akayashusha pembeni kule chini kwenye zile herufi mbili ndogo, ndipo akarudi kwenye karatasi yangu. Alichapa nakala tatu, moja akaniambia ni ya kumbukumbu zake. Nikauliza ni kiasi gani. Akanitoza bei ileile iliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi ukutani, ukurasa mmoja mara tatu, akanirudishia chenji.